Shomari wa Kwenye Simu

Siku Shomari alipozikwa, mashine zake zilianza kucheza karata badala yake, kama sheria inavyotaka kwa kila marehemu. Mchezo wenyewe ni wa kubaini karata alizoficha mwenzako kwa kumuuliza maswali. Kila mashine ilikuwa imemhifadhi alivyokuwa alipoitumia. Kwenye kompyuta kuukuu alikuwa kijana mchokozi: "We Mwanahawa, shupaza unayo, usinizuge!" Kwenye simu alikuwa mgonjwa, akiuliza, akisahau jibu, akiuliza tena.

Mjane, kama Mwanahawa sasa, huachiwa mashine moja tu.

"Mama, chukua kompyuta," binti yao Salha alimsihi. "Huyo ndiye baba hasa."

"Huyo hajakuzaa bado, mwanangu," Mwanahawa alimjibu bila kuinua uso.

Maofisa walikuja wakaichukua kompyuta. Sasa Mwanahawa hucheza kwenye simu kila alasiri, na kila mchezo mshindi ni yeye.