Rangi Gani, Mzee?

“Zambarau,” alisema Mzee Emilian, ingawa mbele ya jicho lake kulikuwa na giza tupu.

“Imetulia?” aliuliza Brigita.

“Imetulia. Ila leo inakoroma kidogo, upande wa chini.”

Brigita akaenda kukaza bomba la maji ya kupooza. Mkoromo ukakoma. Aliporudi alisogeza ndoo iliyokuwa njiani mwa mzee, kimyakimya, kama alivyofanya kila asubuhi.

Mashine ilikaa kwenye ghala la wakulima, nje kidogo ya mji wa Karatu. Ilipiga mbegu za maharage kwa miale iliyoua fukusi na ukungu. Miale hiyo ilitengenezwa ndani ya bomba lisilo na hewa hata kidogo, na mbegu zilipita nje, kwenye upepo na vumbi jekundu. Kati ya pande hizo mbili hapakuwa na bati wala kioo. Palikuwa na gesi tu, iliyochomwa kwa umeme mpaka ikawaka, ikabanwa na sumaku isitawanyike. Miale ilipenya, hewa haikupenya. Wakulima waliuita mlango wa moto.

Vipimo vilikuwepo, lakini vilichelewa. Kwa hiyo Brigita, mhandisi wa mashine, alimtafuta mzee aliyechomelea magari ya watalii miaka arobaini, akamweka kwenye tundu la kuchungulia lenye kioo cheusi. Moto ukiwa zambarau, salama. Ukipauka, piga kelele vali ifungwe, kabla hewa haijavunja mlango na kuingia kwa kishindo.

Jicho la kulia la mzee lilikwisha zamani. La kushoto liliona watu kama moshi, lakini zambarau ile liliiona vizuri. Kisha mwezi wa pili akaenda msibani Mbulu siku tatu. Aliporudi na kuinama kwenye tundu, zambarau haikuwepo. Brigita akauliza, “Rangi gani, mzee?” Akajibu “Zambarau” kwa woga, na tangu siku hiyo alikuwa akisikiliza tu.

Nyumbani, mkewe Verediana alikuwa ameanza kumkatia nyama vipande vidogo bila kuombwa. Emilian alivila, akashukuru, na kila kipande kilimwambia kwamba siku za kushinda barazani zimekaribia. Hapa ghalani bado aliitwa fundi.

Na leo daktari wa macho alikuwa anakuja.

Mzee alikaa, akasimama. Akafuta kioo ambacho hakikuwa kichafu. Akaenda mlangoni, akarudi.

“Babu, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia!” alicheka Inosenti, mpakia magunia. “Daktari hali watu.”

“Beba magunia yako.”

“Atakupa miwani minene kama kitako cha chupa. Mama Verediana atakukimbia!”

“Verediana alinikubali nikiwa na masizi uso mzima. Wewe uliyenawa amekukubali nani?”

Wapakiaji wakacheka. Emilian hakucheka.

Saa nne Melkizedek, meneja, aliingia na daktari aliyebeba ubao wa herufi. “Atakayeshindwa hapa haigusi mashine,” alitangaza. Kisha akapunguza sauti. “Unisamehe, mzee wangu. Ndiyo taratibu.”

“Hakuna neno, mwanangu.”

Daktari alianza na vijana. Emilian alirudi kwenye tundu, akabandika uso kwenye kioo kana kwamba pale hawatamwona. Aliwasikia wakitaja herufi moja moja. Wamebaki watatu. Wamebaki wawili.

Ndipo mngurumo ukawa mwembamba. Kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

“Imepauka! Funga! Funga, Brigita!”

Brigita aliacha herufi katikati, akaruka, akapiga kitufe kwa kiganja. Vali ikajifunga kwa mlio mzito. Kengele ya vipimo ndipo ikalia, mashine ikiwa tayari imenyamaza, salama.

Melkizedek alishika kichwa. “Macho gani haya, jamani! Daktari, huyu mruke. Kinachopimwa hapo ni nini tena?”

Daktari akakunja karatasi yake. Inosenti akampigia mzee saluti.

Basi yalikuwa yamepita. Lakini Emilian hakuweza kukaa. Walipokuwa wakibadilisha waya uliolegea, alizunguka mashine mara mbili, mkono ukutani. Brigita alimletea chai, akageuza kikombe mpaka mpini ukagusa vidole vyake.

“Binti,” alisema mzee, “mwite daktari arudi.”

“Unaumwa?”

“Siku nikipata mafua masikio yakaziba, wewe ndiye utakuwa umesimama mbele ya mlango ule. Una mama yako, anakungoja.” Akagusa kioo cheusi. “Kioo hiki hakinionyeshi kitu. Nimekudanganya tangu nilipotoka Mbulu. Jicho limekufa.”

Brigita akaketi karibu naye, juu ya gunia.

“Najua huoni, mzee. Nilijua asubuhi ileile uliporudi, nilipokuuliza kwa mazoea ukaniambia zambarau. Ningekwambiaje, na wewe ni kama baba yangu? Halafu ukaniambia mashine inakohoa, na kweli ilikuwa inakohoa.”

“Ulijuaje, na nilijibu sawasawa?”

Brigita alifungua kioo cheusi, akashika kidole cha mzee kwa upole, akakiingiza kwenye tundu. Hakikwenda mbali. Kiligota kwenye chuma.

“Dirisha la ndani, nyuma ya kioo hiki, lilipasuka ukiwa msibani,” alisema. “Nililiziba mwenyewe kwa chuma kabla hujarudi. Tangu hapo hakuna jicho linaloona kitu kwenye tundu hili, hata langu.”