Kilemba Mkononi

Mzee nisiyemjua aliingia kwenye zahanati ninakojitolea kama tabibu, mtaa wa Soweto, amebeba kilemba chake mkononi. Kichwani alikuwa amejitanda leso tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Naitwa Amarjit. Nataka miwani. Jicho la kushoto linazima na kuwaka kama taa za mgao."

"Mbona kilemba hujakifunga?"

"Wiki ya tatu kinaniuma. Hata kitana kinauma."

"Na kutafuna?"

"Chapati nusu, taya limechoka. Nimeleta macho, wewe unauliza chapati!"

Niligusa panja lake. Mshipa ulikuwa umevimba, mgumu kama kamba.

"Mishipa ya kichwa inayolisha jicho ina uvimbe, mzee. Tukisubiri vipimo, jicho linaweza kuzima moja kwa moja."

Nikampa vidonge kumi na viwili vya prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, akameza palepale. Nikamwambia twende hospitali leo hii.

"Wanivue leso mbele za watu? Kalasinga haachi kichwa wazi. Siendi."

"Nitasimama na wewe. Hakuna atakayekuona."

Basi langu la Dodoma lilikuwa linaondoka saa saba. Kesho yake asubuhi nilikuwa na usaili wa kazi, wa kwanza tangu nihitimu.

Saa saba kasoro, hospitalini, daktari alimvua leso. Pazia lilikuwa fupi, nikalivuta na kulishikilia kwa mikono miwili. Simu ikaita mfukoni mwangu. Ni konda. Ikakata, ikaita tena.

"Si upokee, binti?"

"Mikono imejaa, mzee."