Viatu Visivyoshika Vumbi

Kila asubuhi Rukia aliwavalisha wanawe wawili sare za shule, akawatoa kwa mlango wa mbele, watu wakiona. Watoto wakazunguka nyumba, wakaingia kwa mlango wa jikoni, wakaketi mkekani, na mama yao akaanza kuwafundisha. Walisoma kwa kunong'ona, maana mtaa ule una masikio, na Rukia hakutaka kusemwa kwamba anawafungia watoto ndani.

Siku hiyo Bi Kidawa, jirani asiyepitwa na jambo, akausukuma mlango wa jikoni bila hodi.

"Leo wanaumwa," Rukia aliharakisha kusema, chaki mkononi.

"Wote wawili? Na sare juu?" Bi Kidawa alicheka mpaka kanga ikamtoka begani. "Mwanangu, mtaa mzima tunajua. Viatu gani vya shule visivyoshika vumbi mwaka mzima? Wakitoka, sisi tunageuza nyuso tu, tusije tukakuaibisha."

Rukia akatamani ardhi ipasuke. Kumbe muda wote huo waliokuwa wakimstiri ni wale wale aliowakimbia.

Bi Kidawa akatua kigoda kidogo alichokuja nacho. "Hiki cha mjukuu wangu. Kesho naye anakuja, umfundishe na wenzake. Lakini barazani, mama, siyo humu kwenye moshi."

Alipotoka, Tausi, binti mdogo, alimvuta mama yake kanga.

"Mama," akanong'ona, "kumbe tunaweza kusoma kwa sauti?"

Rukia hakuweza kumtazama. Alipiga magoti, akaanza kumfungua kamba za viatu, kimoja, kisha cha pili.