Kupekua

Nyamizi aliolewa mbali na kwao, katika mji ambao lugha yake aliijua kwa maneno machache tu. Kwa hiyo yeye na mama mkwe wake, Bi Mashavu, waliishi kwa salamu na tabasamu la heshima, basi.

Asubuhi moja Bi Mashavu alikuwa akipepeta mchele uani, herini yake ikadondoka kwenye rundo la makapi. Ni herini aliyoachiwa na marehemu mama yake. Akapiga yowe.

"Pekua, mwanangu! Pekua!"

Nyamizi akaduwaa. "Pekua ndiyo nini, mama?"

Bi Mashavu alitaka kumweleza, akakosa pa kuanzia. Mara akapandisha kanga hadi magotini, akainama na kuanza kuchakura makapi kwa miguu, huku na huku, shingo mbele.

"Neno hili ni la kuku," akasema akihema. "Sisi tumeazima tu!"

Nyamizi akaangua kicheko, cha kwanza tangu aingie nyumba ile. Akavua ndara, akajitosa.

"Napekua, mama! Napekua!"

Haikupita muda, herini ikang'aa kando ya kidole chake cha mguu. Bi Mashavu akaivaa, akamtazama mkwewe, kisha akarudi palepale kwenye rundo akaendelea kuchakura.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Jamani, mmepoteza nini?"

Mkwe na mama mkwe wakazidi kuchakura. Walikuwa wameshikana mabega, machozi ya kicheko yakiwatoka, na miguu yao ikirusha makapi juani.