Kikombe cha Mhandisi

Mhandisi wa barabara kuu alimaliza chai ya Mwanahawa, akakitua kikombe juu ya kaburi la mama wa mwenyeji wake huyo, akashika brashi na kuchora hapo hapo X nyekundu, ile ile ya nyumba za kubomolewa.

"Lakini vigingi mlipiga kule, kwenye baa ya diwani!" Mwanahawa alimaka.

"Tumepinda kidogo, mama. Diwani ana kelele. Huku hakuna wa kulalamika." Akacheua hiliki. "Chai yako tamu. Niongezee."

Rangi mbichi ilikuwa ikichuruzika juu ya jina la marehemu. Mwanahawa alichovya kidole humo, akakiinua kikombe, akakichora X, kisha akamkabidhi mhandisi, kikiwa kitupu.