Bunduki Isiyo na Kifyatulio

"Sikumpiga mimi!" Telesphory aligonga meza, dadu zikaruka. "Bunduki ndiyo iliyompiga."

"Bunduki imeungwa na ubongo wako," Melania alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Haina kifyatulio. Umemtazama, ukataka, ikapiga. Sasa kilichoteleza ni nini?"

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha duka lake la kuchapa karatasi, mtaani Buzebazeba. Mchezo wenyewe ulikuwa wa karatasi na dadu. Kila mchezaji anabuni mtu wake, kisha anasema na kutenda kwa niaba yake, katika Ujiji ya miaka sabini ijayo, ambako watu wanatembea na mitambo ndani ya fuvu. Melania ndiye aliyeutunga, na ndiye mwamuzi. Gasper, fundi simu, alicheza daktari. Mama Elida, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, alicheza mlinzi aitwaye Kunguru. Telesphory alicheza askari wa kukodiwa.

Telesphory ndiye aliyekuwa mgeni. Melania alimpata kwenye kundi la simu la wapenzi wa michezo, akamkaribisha. Hii ilikuwa Jumamosi yake ya tano, na tangu ya kwanza hapakuwa na upendo pale mezani. Alimkejeli Gasper. Alibishana na Melania kwa kila sheria. Mama Elida, ambaye mpaka leo alikuwa hajui dadu ipi inarushwa lini, Telesphory alimkatiza kila alipofungua mdomo.

Siku hiyo Kunguru alikuwa amemwona yule askari akipitisha makasha ya wizi kwenda kwenye boti. Akamwambia atamripoti. Zamu iliyofuata, Telesphory akatangaza kwamba askari wake anamgeuzia Kunguru macho. Akarusha dadu. Kunguru akaanguka.

"Nilitaka kumtisha tu," alisema Telesphory.

"Soma sheria," Melania alisema. "Kuna uzi umepita nyuma ya sikio lako. Jicho linachagua, ubongo unaidhinisha, mkono kazi yake kubeba tu. Na mwenzako ana alama ya urafiki. Bunduki inakataa kumpiga mwenye alama hiyo, mpaka mwenye bunduki awe ametaka kweli kweli."

"Upuuzi! Kuwaza siyo kutaka. Mimi nikikutazama hapa nikawaza kukuzaba kofi, nimekuzaba?"

"Mzabe uone," alisema Gasper.

Telesphory alisimama. Gasper naye akasimama. Nje mashine ya kuchapa ilikuwa ikinguruma.

"Kaeni," alisema Mama Elida. Kisha akamgeukia Telesphory. "Kwa nini ulinipiga?"

"Mama, nimeshasema siyo mimi! Mara ngapi?"

"Mara hii moja tu. Niambie vizuri, nielewe. Mimi mzito wa mambo haya."

Telesphory akaketi, akahema kwa hasira. Akazungumza taratibu, kama anayemfundisha mtoto asiyetaka kusoma.

"Kuna hata mmoja wenu hapa aliyewahi kushika bunduki ya kweli? Hakuna. Mimi nimelinda ghala miaka sita, bunduki begani. Sasa sikilizeni. Ya kweli unaikoki kwanza. Unatoa kufuli yake ya usalama. Ndipo unakaza kidole, tena ukaze hasa. Ni hatua tatu, na zote unazifanya kwa mkono wako na akili yako timamu. Kama askari wangu angekuwa na hiyo, ningekubali kosa na nisingebisha. Lakini hii yenu inasoma mawazo! Mtu anahukumiwaje kwa wazo lililompita kichwani?"

"Hata za kweli tunasikia zinafyatuka zenyewe," alisema Gasper. "Mtu kajikwaa, imeanguka..."

"Nani kakudanganya? Yangu niliiangusha kwenye saruji sijui mara ngapi. Haijawahi. Mtu akikwambia ilifyatuka yenyewe, jua alitaka, sasa anatafuta pa kujificha."

"Hata kama alijikwaa?" aliuliza Melania.

"Hata angebingirika kutoka juu ya kilima! Bila kidole haitoki."

Melania aliandika kwa muda mrefu. Telesphory alimtazama akiandika. Hakutaka kumpoteza askari wake. Mpiga mwenzake hukatwa ule uzi na kutolewa mchezoni, na wiki tano zote zingekuwa zimekwenda bure.

Hatimaye Melania aliweka kalamu chini.

"Nimekubali," alisema. "Wazo siyo kosa. Askari wako hana hatia. Umeshinda."

Telesphory alicheka kwa sauti, akawatazama mmoja mmoja. "Si mngesema mapema? Mnabisha na mtu anayejua!" Akavuta soda yake, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja. "Haya, nani anarusha?"

Hakuna aliyerusha. Melania alichana kurasa za sheria kutoka kwenye daftari, moja baada ya nyingine, akazitupa kwenye pipa la karatasi chakavu. Gasper akanyanyua simu iliyokuwa imelala chini ya ramani ya mchezo, akaiweka sikioni, akasikiliza kidogo.

"Sauti imeingia yote," akasema.

Mama Elida alisogeza kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya Telesphory.

"Sasa niambie la kweli," alisema. "Mwanangu Marselino, kaka yao hawa wawili, aliona nini pale ghalani, hata ukampiga risasi, kisha ukawaambia polisi kwamba bunduki ilifyatuka yenyewe?"