Nguo ya Mgeni

Bi Nyamvula aliliweka mezani jora la marekani, kitambaa cheupe cha pamba, limekunjwa vilevile kama kampuni ilivyompa baba yake zamani, ilipoomba mahali pa kujenga ghala.

"Mwambie bwana mkubwa," alimwambia karani Stambuli, "nguo ya mgeni haikatwi. Unaitunza, siku akiondoka unamrudishia. Ukiikata, basi umemuuzia shamba. Na hii, mwenyewe aone, haijaguswa."

Karani akatafsiri. Mzungu aliyetumwa na serikali kuamua madai ya ardhi ya kampuni akatabasamu, akaandika.

"Amefurahi, mama," karani alisema, macho chini. "Anasema kampuni ilikosa ushahidi kuwa ililipa. Sasa umeuleta."

"Nimeuleta mimi?"

Karani alichukua mkasi, akakata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakibana kwa pini kwenye faili, kisha akamrudishia jora lake.

Bi Nyamvula alilikunja. Akalikunjua, akalikunja tena kwa upande wa pili. Kila alivyolikunja, pengo lilikaa juu. Mlangoni ukoo mzima ulikuwa ukimsubiri, na hakuna aliyemtazama usoni. Wote walitazama nguo.